Kuharakisha Kompyuta: Faida na Hatari Zake

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tano

Muhula huu katika chama chetu cha kompyuta limezuka swali lililoleta ubishi mkubwa, hata wenzetu wasio wanachama wanaligombania mabwenini. Swali lenyewe ni hili: Je, ni busara kuifanya kompyuta iende kasi kupita ile aliyoiwekea mtengenezaji wake? Wako wasemao kwamba ni akili, maana mtu hupata bure kitu ambacho wengine hukinunua kwa fedha nyingi. Wako wasemao kwamba ni kuharibu mali ya shule. Mwalimu wetu ameniomba nilieleze jambo hili ili wanafunzi, walimu na wazazi wapate kulifahamu. Nimekubali, kwa kuwa naona kila upande umeshika nusu ya ukweli.

Tena shauri hili si la maneno matupu. Chama kimekwisha peleka ombi kwa Mkuu wa Shule, kikitaka ruhusa ya kuharakisha kompyuta zote za chumba chetu, ambazo ni kuukuu na wengi huzilalamikia. Katika baadhi ya kompyuta hizo mna alama za majaribio ya Kidato cha Pili na cha Nne. Basi kabla jibu halijatolewa, yafaa tujue ni nini hasa kinachoombwa.

Mapigo ya kompyuta

Kila kompyuta ina kipande kidogo cha fuwele kinachotetemeka kwa kipimo kimoja kisichobadilika. Kutokana na mtetemo huo hutengenezwa mapigo ya umeme, na kila kazi ndani ya kompyuta hufanywa kwa kufuata mapigo hayo, kama wachezaji wafuatavyo ngoma. Mapigo milioni moja kwa sekunde huitwa megahezi 1. Kuharakisha kompyuta, basi, ni kuipiga ngoma hiyo upesi zaidi.

Lakini ngoma hiyo haiwachezeshi wachezaji wa aina moja. Yuko prosesa, ambaye ndiye afanyaye hesabu. Iko kumbukumbu, ambamo kazi huwekwa kwa muda. Iko kadi ya picha, iandikayo yale tuyaonayo kwenye kioo. Iko diski, ambamo maandishi yetu hulala hata umeme ukizimwa. Vyote hivi huunganishwa na njia zilizochorwa kwa shaba kwenye ubao mama. Mafundi huziita njia hizo basi, kwa jina lile lile la gari la abiria, kwa sababu huchukua mizigo ya wote. Mimi nitaziita njia tu, tusije tukachanganya na magari ya stendi.

Ili jambo lieleweke, nitatumia kompyuta moja ya zamani tuliyo nayo kabatini, tunayojifunzia kufungua na kufunga vyombo. Ni ya zama za miaka ya 1998 na 1999, na ina njia mbili zilizo mashuhuri. Ya kwanza huitwa PCI, ambayo kampuni ya Intel iliitoa mwaka 1992. Njia hiyo hupitisha biti 32 kwa pamoja, kwa mapigo ya megahezi 33, yaani kama megabaiti 133 kwa sekunde. Kadi ya sauti, kadi ya mtandao na chombo kinachoongoza diski, vyote hugawana njia hiyo moja. Ya pili huitwa AGP, iliyotolewa mwaka 1996 kwa ajili ya kadi ya picha peke yake. Mapigo yake ni megahezi 66, na aina yake ya kwanza ilipitisha megabaiti 266 kwa sekunde. Aina zilizofuata zilipitisha mara mbili, mara nne, na mwisho mara nane ya hapo.

Muda wa pigo moja

Fikirini vijana wawili wanaorushiana matofali kwenye ujenzi, mwenzao akiwapigia ngoma. Pigo likilia, wa kwanza hulishika tofali na kulirusha, tofali husafiri, wa pili hulidaka na kulikamata imara kabla ya pigo lingine. Kila sehemu ya kazi hiyo yahitaji muda wake.

Ndivyo ilivyo katika njia ya PCI. Mapigo yakiwa megahezi 33, muda kati ya pigo na pigo ni nanosekunde 30, na nanosekunde moja ni sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Waliopanga kanuni za PCI waliugawa muda huo hivi: nanosekunde 11 kwa chombo kinachotuma, 10 kwa umeme kusafiri na kutulia njiani, 2 kwa tofauti ya pigo kufika hapa na pale, na 7 kwa chombo kinachopokea kuwa na hakika ya kile ilichopokea. Jumlisheni mwenyewe: 11 na 10 na 2 na 7 ni 30 kamili. Hakuna nanosekunde iliyosalia.

Sasa mtu akizidisha mapigo yafike megahezi 41.7, muda wa pigo moja huwa nanosekunde 24. Sita zimekatwa. Zimekatwa kwa nani? Hapo ndipo penye bahati nasibu. Vyombo vingi hutengenezwa vizuri kuliko kiasi kilichoandikwa kwenye kanuni, kwa hiyo huenda vikatimiza kazi katika nanosekunde 24. Lakini chombo kimoja kikichelewa kidogo tu, mpokeaji hudaka tofali ambalo bado liko hewani. Biti iliyokuwa 1 husomwa kuwa 0.

Kisa cha Celeron 300A

Katika historia ya jambo hili hakuna prosesa iliyojulikana kama Celeron 300A, ambayo Intel iliitoa mwaka 1998. Ilikuwa prosesa ya bei nafuu. Mapigo ya ubao mama yalikuwa megahezi 66, na prosesa iliyazidisha mara 4 na nusu, ikapata megahezi 300. Kizidishi hicho kilikuwa kimefungwa kiwandani, hakibadiliki. Basi aliyetaka kuiharakisha hakuwa na njia ila moja: kuzidisha mapigo ya ubao mama wenyewe.

Watu walipoyapandisha kutoka 66 hata 100, prosesa nyingi za namna hiyo, ingawa si zote, zilikubali kwenda megahezi 450. Hiyo ni nyongeza ya nusu nzima, na zikakaribia Pentium II ya megahezi 450, ambayo bei yake ilikuwa kubwa mara kadhaa. Wala haikuwa miujiza. Zote mbili zilitengenezwa kwa ufundi wa namna moja, na Celeron hiyo ilikuwa na akiba ndogo ya kumbukumbu ndani yake, lakini iliyokwenda kwa kasi ile ile ya prosesa.

Lakini vipi kuhusu zile njia mbili? Mapigo ya PCI na AGP yalitoka kwenye ngoma ile ile ya ubao mama, kwa kugawanywa. Ngoma ikiwa 66, PCI ilipewa nusu yake, yaani 33, na AGP ikapewa yote, yaani 66. Ngoma ikiwa 100, mbao mama zenye chipu ya Intel 440BX ziliweza kuipa PCI theluthi moja, yaani 33, na AGP theluthi mbili, yaani 66 na kitu. Prosesa ilikimbia, na majirani wakaendelea na mwendo wao wa halali.

Sasa angalieni ajabu iliyopo. Mtu mwoga aliyesema, "Mimi sitafika 100, nitapandisha kidogo tu hadi 83," alidhani amechagua salama. Prosesa yake ilikwenda megahezi 375, chini ya ile ya mwenziwe. Lakini kigawanyo cha PCI kilipobaki kile kile cha nusu, PCI ilifika 41.7, na AGP, ikipewa ngoma yote, ilifika 83. Aliongeza kidogo kwa prosesa, akawatia taabuni wote waliobaki. Mwenye 450 aliwaacha majirani zake salama, na mwenye 375 akawahatarisha. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu mwenye akili si "Nimeongeza kiasi gani?" bali ni "Nimemwongezea nani?"

Hasara huangukia nani

Wahenga walisema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Ngoma ya kompyuta ikizidi, hata hivyo, haipasuki yote kwa mara moja. Kila chombo hushindwa kwa namna yake.

Kadi ya picha ikishindwa hupiga kelele kwa macho: huonekana vitone vya rangi, mistari ya ovyo, au kioo huganda. Kadi ya sauti hukwaruza. Kadi ya mtandao hukata mawasiliano. Haya yote ni maudhi, lakini ni maudhi ya kweli na ya wazi. Mwenye kompyuta huona na kurudisha mapigo mahali pake.

Diski haina tabia hiyo. Chombo kinachoongoza diski katika kompyuta hizo hupokea na kutuma kwa njia ya PCI. Tofali likidondoka humo, namba iliyoharibika huandikwa kwenye diski kama kwamba ndiyo sahihi, nayo hukaa kimya. PCI ina biti moja ya ukaguzi iwezayo kugundua makosa ya biti moja, lakini haiwezi kusahihisha, na mbao nyingi za zama hizo hazikuijali hata ilipotoa habari. Wiki tatu zikapita. Siku mwalimu anapofungua orodha ya alama, anakuta faili halifunguki. Au, vibaya zaidi, linafunguka, nalo lina 47 pahali palipokuwa na 74. Ikiwa nakala iliyowekwa pembeni iliandikwa na kompyuta hiyo hiyo, basi nayo yaweza kuwa na ubovu ule ule.

Hii ndiyo sababu mimi huona hatari kubwa haiko katika kuungua kwa chombo, kama wengi wanavyoogopa. Chombo kikiungua utanunua kingine. Kazi ya mtu ikiharibika kimya kimya hainunuliki.

Faida, kwa kipimo cha haki

Isidhaniwe kwamba nakana faida. Prosesa iliyoongezewa mapigo kwa nusu hufanya hesabu nyingi zaidi kweli kweli, na mtu huona tofauti. Kijana aliyezifanya hesabu za vigawanyo nilizozitaja hapo juu amejifunza jambo ambalo mwenye kununua kompyuta mpya hakulijua. Hiyo nayo ni faida, tena kwa shule ni kubwa.

Lakini faida ya kuharakisha njia zenyewe ni ndogo kuliko watu wadhanivyo. Nitatoa mfano. Kadi ya picha iitwayo RIVA TNT, ya mwaka 1998, ina kumbukumbu yake yenyewe iliyo juu ya kadi, ambayo hupitisha kama megabaiti 1,760 kwa sekunde. Njia ya AGP ya aina ya pili humletea megabaiti 533 tu. Kadi hizo zilifanywa makusudi ziweke picha zake karibu, zisiende kuomba mbali kila mara. Hivyo mtu akiiharakisha AGP kutoka 66 hadi 89, amepanua barabara iendayo ghalani kwa theluthi moja, na kumbe mpishi ana unga wote jikoni. Chakula hakitawahi kwa theluthi. Hatari, lakini, imeongezeka yote.

Joto letu na joto lao

Kila pigo hutumia umeme kidogo, na umeme huo hugeuka joto. Mapigo yakiongezwa kwa asilimia 10, joto huongezeka kwa kadiri hiyo hiyo. Wengi, wakiona kompyuta haitulii, huongeza volti. Hapo hesabu hubadilika, maana joto hufuata volti iliyozidishwa kwa yenyewe. Volti ikipanda kwa asilimia 10 na mapigo kwa asilimia 10, joto hupanda kwa asilimia 33.

Tukumbuke pia kwamba chipu haiwezi kupozwa na feni ikawa baridi kuliko hewa ya chumbani. Mtu anayejaribu mambo haya Ulaya katika chumba cha nyuzi 20 huanza na nafuu ya nyuzi 12 juu ya yule aliye katika chumba cha nyuzi 32, kama vyumba vyetu vya mwambao wakati wa kiangazi. Ongezeni vumbi linaloziba feni. Kwa hiyo kiasi kilichofaa kwake si lazima kitufae sisi.

Kompyuta za siku hizi

Mtu atasema, "Hayo ni ya kale." Kweli, mafundi walijifunza. Tangu kama mwaka 2002 na 2003, mbao mama nyingi nzuri zilipewa uwezo wa kuzifunga PCI na AGP kwenye mapigo yake ya halali, hata prosesa ikiharakishwa vipi. Kisha ikaja njia mpya, PCI Express, ambayo kanuni zake zilitolewa mwaka 2003. Mapigo yake ya msingi ni megahezi 100, na yenyewe hukagua kila fungu la data na kulituma upya likiharibika. Huo ni ulinzi mkubwa ambao PCI ya kale haikuwa nao.

Hata hivyo ule ugonjwa wa ngoma moja ulirudi. Mwaka 2011 Intel ilitoa prosesa za Core za kizazi cha pili, ambamo ngoma moja ya megahezi 100 huongoza prosesa, PCI Express na hata njia ya diski. Ukiipandisha kwa asilimia chache tu, kompyuta huanza kuyumba. Kompyuta kadhaa za chumba chetu ni za ukoo huo. Prosesa chache, ambazo majina yake huishia kwa herufi K, zina kizidishi kilicho wazi, nazo huharakishwa bila kuigusa ngoma ya wote. Zetu hazina herufi hiyo. Na kompyuta za namna ya ofisi kwa kawaida hazina hata mahali pa kubadilisha mapigo.

Kadi ya picha ya siku hizi ina mapigo yake mwenyewe, nayo yaweza kuongezwa kwa programu bila kuwasumbua majirani. Ikizidiwa, mara nyingi huganda au hujipunguza mwendo kwa ajili ya joto. Kati ya majaribio yote haya, hilo ndilo lenye madhara machache, mradi feni iwe nzima na volti isiguswe.

Shauri langu

Kwa hayo yote, naona ombi la chama litengenezwe upya kama hivi.

Kwanza, kompyuta yoyote yenye kazi ya mtu mwingine isiguswe mapigo yake. Hii ni pamoja na zile zenye alama, na pia, kwa wazazi wetu, kompyuta zenye hesabu za duka au za chama cha ushirika.

Pili, ile kompyuta kuukuu ya kabatini itolewe kwa majaribio, ikiwa na diski isiyo na kitu cha thamani. Afanyaye jaribio aandike kwanza kwenye daftari mapigo ya prosesa, ya PCI na ya AGP kwa kila hatua, ndipo awashe. Asiyeweza kuziandika namba hizo tatu bado hajawa tayari.

Tatu, abadilishe jambo moja tu kwa mara moja, wala asiongeze volti. Kompyuta ikikataa kuwaka, ajue namna ya kurudisha mipango ya kiwandani kwa kile kiunganishi kidogo kilicho kwenye ubao mama.

Nne, asiseme imefaulu kwa kuwa imewaka. Anakili faili kubwa mara nyingi, kisha alinganishe nakala na asili yake kwa programu ya kulinganisha, biti kwa biti. Biti moja ikitofautiana, jaribio limeshindwa, hata kama picha zinapendeza.

Tano, kompyuta nyingine za chumbani ziharakishwe kwa njia ya halali: vumbi lifutwe, feni zitiwe mafuta au zibadilishwe, kumbukumbu iongezwe, na fedha ikipatikana, diski za kuzunguka zibadilishwe kwa zile zisizozunguka. Kwa kompyuta kuukuu, hilo la mwisho hujulisha tofauti kubwa kuliko megahezi zote tunazogombania.

Namaliza kwa kuwaambia wenzangu wa chama kwamba sipingi hamu yao. Hamu hiyo ndiyo iliyowafanya watu wa 1998 wagundue kwamba 450 ilikuwa salama kuliko 375, jambo ambalo mwoga asingelijua wala jeuri asingelieleza. Lakini mwenye hamu na apige ngoma yake akijua ni nani mwingine anayecheza kwa ngoma hiyo. Prosesa akishangilia kasi yake mpya, tuulizane kwanza kama diski, iliyo kimya pale pembeni, imekubali.